GUNIA LA KAHAWA NA BEGA LA MCHUKUZI

Gunia la kahawa linalosafirishwa nje kutoka Uganda huwa na kilo 60. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo lake Nambari 128 la mwaka 1967, lilisema kuwa mzigo unaobebwa na mwanamume mmoja ukizidi kilo 55, hatua zichukuliwe upesi kuupunguza. Kilo hizo tano za ziada hulipwa na bega la mchukuzi.

Ndani ya bega, kichwa cha mfupa wa mkono ni kama mpira uliokaa kwenye kisahani kidogo. Gegedu laini hufunika mifupa ili isisuguane, na pete ya gegedu ngumu huzunguka kisahani ili mpira usitoke. Mkono ukivutwa ghafula, au ukianguka ukajikinga kwa mkono, pete huweza kuchanika. Mizigo mizito ya miaka mingi nayo huila gegedu polepole.

Dalili ni maumivu ndani kabisa ya bega, kiungo kukwama au kulia kikizungushwa, na mkono kukosa nguvu ukiinuliwa.

Hapo ndipo wengi hudhulumiwa. Eksirei huonyesha mifupa, lakini gegedu halionekani. Mchukuzi huambiwa, "Picha ni safi, rudi kazini." Picha safi si ushahidi kwamba bega ni zima. Mwombe daktari aupime mkono kwa kuugeuza kila upande, na ikibidi akupeleke kwenye kipimo cha MRI.

Gegedu laini halina mishipa ya damu, hivyo likilika halijiponyi kama ngozi. Tiba ya kwanza ni kuacha mizigo kwa muda, dawa za maumivu, na mazoezi ya kuimarisha misuli. Wengi hupata nafuu. Pete iliyochanika huweza kushonwa kupitia matundu madogo, na baadaye bega huhitaji miezi kadhaa kabla ya kubeba kitu kizito. Bega lililokwisha kabisa huwekewa kiungo bandia, ambacho si cha kubebea magunia.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Uganda ya mwaka 2000 hutaka mwajiri aarifiwe ajali ndani ya mwezi mmoja. Basi ukiumia, mwambie msimamizi siku hiyo hiyo, taarifa iandikwe, na mwakilishi wa chama ashuhudie. Nasi sote tudai gunia lipunguzwe, au libebwe na watu wawili.