Hati Inapojitaja Yenyewe

Barua ya utambulisho inayotolewa na ofisi ya serikali ya mtaa, hapa Kunduchi kama kwingineko Dar es Salaam, mara nyingi haifiki ukurasa mzima. Juu kuna tarehe. Chini yake kuna "Yah:" ikifuatiwa na jina la mwombaji kwa herufi kubwa. Kisha zinakuja sentensi ambazo wakazi wengi wamezihifadhi kwa ghibu: "Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu. Mtajwa hapo juu ni mkazi wa mtaa wangu." Mwisho mleta barua hii anaombewa msaada, sahihi inawekwa, muhuri unagongwa.

Wengi huzicheka sentensi hizo na kuziita Kiswahili cha ofisini. Zina kazi, hata hivyo. Kama mwenyekiti wa mtaa angesimama benki kando ya mwombaji, angesema tu "huyu namfahamu", na yangekwisha. Tatizo ni kwamba hayupo. Karatasi itasomwa na mtu asiyemjua mwandishi wala asiyewahi kufika mtaani kwake, pengine miaka baada ya mwenyekiti kuondoka madarakani. Ndiyo maana inabidi karatasi yenyewe ieleze ni jambo gani linalozungumzwa, ni mtu gani anayetajwa, na ni karatasi gani inayosema hayo. Kila utamaduni wenye maandishi umelazimika kutafuta njia ya kufanya hivyo, na njia hizo zinafundisha mengi kuhusu nini kinachoifanya hati iaminike.

Tuanze na Uingereza, kwa sababu hati zetu nyingi za kisheria zimerithi mtindo wa huko. Kwa karne nyingi makarani wa Kiingereza waliandika makubaliano ya watu wawili mara mbili kwenye kipande kimoja cha ngozi, kisha wakakikata katikati kwa mstari wa meno meno. Kila upande ulichukua nusu yake. Ukizuka ugomvi, nusu hizo zililetwa pamoja: meno yakikutana, hati ni halali, yasipokutana, kuna aliyeghushi. Kwa Kiingereza hati hiyo ilipata jina lake kutokana na meno hayo, na maneno yake ya kwanza yalikuwa ya kujitaja: hati hii yenye meno inashuhudia kwamba fulani na fulani wamekubaliana. Hati ya mtu mmoja, isiyohitaji nusu ya pili, ilikatwa kingo zake sawasawa, nayo ikaitwa kwa jina la kingo hizo. Jina hilo Waingereza wanalo hadi leo kwenye hati ya kubadilisha jina la mtu.

Mwaka 1845 Bunge la Uingereza lilitunga sheria iliyosema kwamba hati inayojiita ya meno itakuwa na nguvu ya hati ya meno hata kama haikukatwa. Makarani waliacha kukata lakini hawakuacha kuandika. Kwa miaka mingi iliyofuata, karatasi zenye kingo zilizonyooka kabisa ziliendelea kujitangaza kuwa zina meno, mpaka sheria nyingine ya mwaka 1925 ikasema wazi kwamba hati haina haja ya kujiita hivyo. Maneno ambayo zamani msomaji aliweza kuyahakiki kwa kupitisha kidole kwenye ukingo wa ngozi yalikuwa yamebaki mapambo.

Mtindo huo ulifika kwetu na utawala wa Waingereza. Hadi leo, katika baadhi ya hati za kumpa mtu uwakilishi zinazoandikwa kwa Kiingereza mijini mwetu, utakuta mwanzo unaowatangazia watu wote duniani wajue jambo fulani kwa maandishi haya yaliyo mbele yao. Mwanzo huo umetoka kwenye Kilatini cha makarani wa zamani. Anayetia sahihi mara nyingi hajui maana yake, lakini huona hati haijakamilika bila huo.

Pwani yetu haikungoja Waingereza ili ijue kuandika hati. Barua za Kiswahili za zamani zaidi zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu, na leo zimo katika hifadhi ya nyaraka za kihistoria ya Goa, India. Kufikia karne ya 19, biashara ya Zanzibar, Mrima na bara ilikuwa ikiendeshwa kwa barua zilizobebwa na majahazi na misafara, na barua hizo zilikuwa na utaratibu wake. Baada ya salamu ndefu huja "ama baada". Halafu mwandishi anamwarifu mwenzake kwamba waraka wake umewasili, na kwamba yaliyomo ameyafahamu. Waraka wa mwenzake huutaja kwa heshima. Wa kwake mwenyewe huwa ni waraka huu tu. Mwisho anataja jina lake na kusema ameandika kwa mkono wake.

Wafanyabiashara wa Kiingereza wa karne hiyo hiyo walikuwa na adabu inayofanana nayo. Barua ya mwenzake mtu aliiita hisani yako ya tarehe 5 ya mwezi huu, na ya kwake akaiita "hii". Kwa nje tunaona unyenyekevu, lakini ndani yake kuna stakabadhi. Mali ilitolewa kwa mkopo, pesa zilichelewa miezi, chombo kingeweza kuzama na barua zake. Mtu anayekiri kwa maandishi kwamba waraka wa tarehe fulani umemfikia na ameuelewa, kesho hawezi kusema hakuujua. Na kusema "nimeandika kwa mkono wangu" kulimpa msomaji kitu cha kuhakiki, maana mwandiko wa mshirika wake aliujua.

Washairi nao walikuwa na mbinu yao. Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka wa Siu, anaanza utendi wake wa mwaka 1858 kwa kumwagiza binti yake achukue wino na karatasi. Shairi linasimulia jinsi lenyewe linavyoandikwa. Kisha mwishoni anataja mwaka wa Hijria na idadi ya beti. Kazi hizi zilienea kwa kunakiliwa kwa mkono, na mnakili aliyechoka angeweza kuruka ubeti, na mwenye yake moyoni angeweza kuongeza. Msomaji aliyepokea nakala aliweza kuhesabu beti. Zikipungua au zikizidi, alijua pana kasoro.

Katiba yetu ya mwaka 1977 nayo inajitaja kwa uzito. Ibara ya 64(5) inasema kwamba sheria yoyote ikipingana na Katiba hii, Katiba ndiyo itakayoshinda. Na jina lenyewe la Katiba linatolewa mwishoni kabisa, katika ibara ya 152. Kuna nakala rasmi na kuna taasisi zinazoilinda, kwa hiyo hakuna wa kuuliza "hii" ni ipi.

Mkataba wa kuuziana kiwanja hauna ulinzi huo, na hapo ndipo watu wanapoumia. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, katika kifungu cha 64, inataka mkataba wa kuhamisha haki ya ardhi uwe wa maandishi ndipo uweze kudaiwa mahakamani. Watu wa Kunduchi, Tegeta na Salasala wanalijua sharti hilo, na karatasi huandikwa. Tazama lakini jinsi zinavyoandikwa. Ukurasa wa kwanza unaeleza kiwanja. Ukurasa wa pili unasema muuzaji ameuza "kiwanja tajwa hapo juu". Sahihi na majina ya mashahidi yako ukurasa wa tatu, peke yake. Ukurasa wa kwanza ukichomolewa na kuwekwa mwingine, "hapo juu" itaelekea kiwanja kingine bila neno hata moja kufutwa. Vivyo hivyo kwa "mchoro ulioambatanishwa" ambao haukuwahi kuambatanishwa, na kwa "mtajwa hapo juu" pale waliotajwa ni ndugu watatu.

Tangu mwaka 2021, marekebisho ya sheria yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Wanasheria na watendaji wa mitaa wataandika hati nyingi zaidi kwa lugha yao. Kishawishi kitakuwa kufasiri maneno ya makarani wa London neno kwa neno, meno na yote. Afadhali tuirithi kazi yao: kumpa msomaji kitu cha kuhakiki.

Na kazi hiyo haihitaji lugha nzito. Andika tarehe kwa tarakimu na kwa maneno. Andika "ukurasa wa 1 kati ya 3" kwenye kila ukurasa, na pande zote mbili zitie sahihi kila ukurasa. Kiwanja kitajwe kwa namba yake kama kimepimwa. Kama hakijapimwa, taja ukubwa na majirani wa pande zote nne. Kila kiambatisho kipewe herufi na kitiwe sahihi. Sema mkataba huu umeandikwa nakala ngapi na kila nakala anayo nani. Mtu akitajwa mara ya pili, mtaje kwa jina. Barua za serikali zina faida moja hapa: masijala huipa kila barua kumbukumbu namba, na anayejibu huombwa aitaje. Hata mkataba wa watu wawili unaweza kupewa namba, ikaandikwa juu ya kila ukurasa. Mkifika baraza la ardhi, mjumbe atataka kujua kama karatasi iliyo mbele yake ndiyo mliyotia sahihi. Jibu linatakiwa liwe limeandikwa ndani ya karatasi hiyo, maana shahidi wenu anaweza kuwa amehama au amefariki.