Mjumbe Hauawi: Kupima na Kusawazisha Kihisi cha Shinikizo la Tabo

Wahenga walinena kuwa mjumbe hauawi. Methali hii aghalabu hutajwa pale mtu anapoletewa habari asiyoipenda, lakini ingefaa pia ibandikwe ukutani katika kila gereji inayohudumia magari ya tabo. Gari linapoishiwa nguvu mlimani na taa ya injini ikawaka, kihisi cha shinikizo huwa miongoni mwa vipuri vya kwanza kulaumiwa. Hung'olewa, kingine kikanunuliwa, na gari likarudi barabarani na ugonjwa ule ule. Makala haya yanaeleza jinsi kihisi hicho kinavyofanya kazi, jinsi kinavyopimwa kabla ya kuhukumiwa, na maana halisi ya kukisawazisha.

Kihisi na Kazi Yake

Tabo ni gurudumu la mapanga linalozungushwa na moshi utokao kwenye injini. Kwenye mhimili huo huo kuna gurudumu la pili, ambalo huvuta hewa safi na kuishindilia ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi huweza kuchomwa, na injini ndogo ikatoa nguvu za injini kubwa. Hata hivyo, hewa ikishindiliwa kupita kiasi, pistoni na gasketi huharibika. Kwa sababu hiyo, kompyuta ya gari sharti iarifiwe kila wakati shinikizo limefika wapi. Mleta habari ni kihisi, ambacho mafundi wengi hukiita sensa, ingawa neno hilo humkumbusha mwanafunzi wa Kiswahili shughuli ya kuhesabu watu.

Ndani ya kihisi mna kiwambo chembamba cha silikoni. Upande mmoja wa kiwambo hicho ni uwazi uliozibwa, usio na hewa hata chembe; upande wa pili hupokea hewa iendayo kwenye injini. Hewa inaposukuma, kiwambo hupinda kidogo, ukinzani wake wa umeme ukabadilika, na badiliko hilo likageuzwa kuwa volti. Kwa kuwa upande mmoja hauna hewa kabisa, kihisi hupima shinikizo kamili, yaani hewa iliyoongezwa na tabo pamoja na ile ya anga. Hapa ndipo hukumu nyingi za kimakosa huanzia.

Mombasa Si Nairobi

Shinikizo la anga hupungua kadiri mtu anavyopanda juu. Mombasa, kando ya bahari, ni takriban kilopaskali 101. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ni takriban 83. Na Eldoret, kwenye mita 2,100 hivi, ni takriban 79. Kihisi kizima kikiwa Nairobi, injini ikiwa imezimwa, sharti kiseme 83 au karibu na hapo. Fundi aliyekariri kutoka kitabuni kwamba jibu sahihi ni 100 atakiona kimechoka, kumbe kimesema kweli tupu.

Hali kadhalika, takwimu za shinikizo zinazotolewa katika taarifa za hali ya hewa hazifai kwa ulinganisho huu. Takwimu hizo kwa kawaida hurekebishwa kana kwamba kila mji uko kwenye usawa wa bahari, hivyo Nairobi huonekana kuwa sawa na Mombasa.

Hatua za Kupima

Kwanza, ujumbe wenyewe usomwe vizuri. Msimbo P0299 husema kuwa shinikizo la tabo ni dogo kuliko lilivyotarajiwa. Hiyo ni habari iliyoletwa na mjumbe, na chanzo chake chaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka au klipu iliyolegea. Misimbo P0237 na P0238, kwa upande mwingine, husema kuwa volti ya kihisi iko chini au juu mno. Hayo ni malalamiko juu ya mjumbe mwenyewe au nyaya zake. Kuichanganya misimbo hii ni kumwadhibu asiye na hatia.

Pili, macho yatangulie vyombo. Kihisi kikitolewa huweza kupatikana kimezibwa na mchanganyiko wa masizi na oili, hasa katika injini za dizeli. Kisafishwe taratibu kwa dawa isiyodhuru plastiki, bila kuchokolewa kwa waya.

Tatu, ufunguo uwashwe bila kuwasha injini, kisha kipimo cha kihisi kisomwe kwa mashine ya uchunguzi na kulinganishwa na shinikizo la anga la mahali pale. Magari mengi yana kihisi cha pili kinachopima hewa ya anga pekee. Viwili hivyo vikikubaliana, ushahidi huwa na uzito zaidi.

Nne, nyaya zikaguliwe kwa mita ya umeme. Kwa kawaida ni tatu: moja huleta volti 5, ya pili ni ya ardhi, na ya tatu hupeleka ujumbe. Ikiwa kuna waya wa nne, aghalabu ni wa kupima joto la hewa. Volti 5 zikipungua, ujumbe nao hupungua ingawa kihisi ni kizima.

Tano, kihisi kipewe shinikizo linalojulikana kwa pampu ya mkono yenye geji. Tuseme kihisi kimeundwa kutoa volti 0.5 kwenye kilopaskali 20 na volti 4.5 kwenye kilopaskali 250. Nairobi, kabla ya kupampu, kitatoa takriban volti 1.60. Geji ikionyesha 50, shinikizo kamili ni 133, na volti zitakuwa karibu 2.47. Ikionyesha 100, shinikizo kamili ni 183, na volti ni karibu 3.33. Ni muhimu kukumbuka kuwa geji huanza kuhesabu juu ya hewa ya anga, ilhali kihisi huanzia kwenye sufuri halisi. Kisha shinikizo lipunguzwe hatua kwa hatua. Volti zirudi kwa njia zilizopandia. Hewa ya kompresa ya gereji isielekezwe moja kwa moja kwenye kihisi, kwani hufika mamia ya kilopaskali na huweza kukipasua kiwambo.

Maana ya Kusawazisha

Kusawazisha ni kulinganisha anachosema mpimaji na kipimo kinachoaminika, kisha kuondoa tofauti. Wengi hudhani kuna skrubu ya kukazwa. Kihisi cha kisasa hakina skrubu. Husawazishwa kiwandani kisha kikafungwa. Kinachoweza kurekebishwa, kwa mwenye programu na ujuzi, ni uelewa wa kompyuta: volti inayoanzia na kiasi zinachopanda kwa kila kilopaskali. Bila hivyo, dawa ya kihisi kilichopotoka ni kuwekewa kingine chenye nambari ile ile.

Nambari hiyo si pambo. Vihisi viwili vilivyotumika, kama vile vinavyouzwa katika Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, vinaweza kufanana kama pacha huku viwango vyao vikitofautiana. Kihisi kinachofika 300 kikichomekwa mahali pa kile cha 250 kilichotajwa, shinikizo la 183 litatoa volti 2.83 tu. Kompyuta itadhani ni 154, iamuru tabo iongeze hewa, na injini iumie kimyakimya. Wanaoongeza kipande cha ukinzani kwenye waya ili taa izimike hufanya jambo lile lile kwa makusudi.

Hitimisho

Dereva anayelipita lori katika barabara ya Mombasa huiweka roho yake rehani kwa nguvu ya injini. Kihisi kikisema shinikizo ni kubwa kuliko lilivyo, kompyuta hukata nguvu hiyo gari likiwa bado upande usio wake. Kwa hiyo fundi ana wajibu wa kumhoji mjumbe kabla ya kumhukumu: kwa hewa ya mji wake, kwa mita na kwa pampu. Akithibitika mwongo, abadilishwe. Akithibitika mkweli, asikilizwe, na ubovu utafutwe kule anakoelekeza.