Karagita na ghasia za 2008: Kiini cha moto na makovu yaliyosalia

Anayetaka kuelewa jinsi taifa linavyoweza kufika ukingoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe hana haja ya kuvuka mpaka. Mfano upo Karagita, kitongoji kilicho kando ya barabara ya Moi South Lake, kilomita chache kutoka mjini Naivasha, Kaunti ya Nakuru.

Karagita ni zao la biashara ya maua. Mashamba yanayozunguka Ziwa Naivasha yalipopanuka, yalivutia vibarua kutoka Nyanza, Magharibi, eneo la Kati na kwingineko. Walipanga vyumba katika ploti za watu binafsi, wakachota maji pamoja na kupanda basi moja alfajiri kwenda kazini.

Watu hao hao ndio waliojikuta wakiwindana Januari 2008. Swali ni je, nini kiliwageuza majirani kuwa maadui katika muda wa mwezi mmoja?

Jibu linalotolewa kwa wepesi ni ukabila. Lakini jibu hilo halitoshi, kwani makabila hayo yalikuwa yameishi pamoja kwa miaka mingi. Ukabila ulikuwa kuni tu. Kuna waliozikusanya na kuna waliowasha kiberiti.

Ardhi

Chanzo cha kwanza ni ardhi. Kupitia mikataba ya mwaka 1904 na 1911, serikali ya kikoloni iliwahamisha Wamaasai kutoka Bonde la Ufa ya kati, na baadaye kutoka Laikipia, ili kuwapisha walowezi wa Kizungu.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, mashamba mengi ya walowezi hayakurejeshwa kwa jamii zilizonyang'anywa. Yaliuzwa. Walionunua, kupitia mikopo, kampuni na vyama vya kununua ardhi, walikuwa wale wenye fedha au wenye jamaa serikalini. Aidha, maelfu ya watu wa kawaida kutoka eneo la Kati, ambao nao walikuwa wamepokonywa mashamba na mkoloni, walihamia Nakuru, Molo na Uasin Gishu.

Hivyo pande mbili zilijiona zimedhulumiwa, kila moja ikiwa na hoja yake. Badala ya kutatua suala hilo, wanasiasa waligundua kwamba lingeweza kuwaletea kura.

Mfumo wa vyama vingi uliporejea, mapigano yalizuka Molo, Olenguruone na Burnt Forest. Mnamo 1993, wakulima waliofurushwa Enoosupukia, Narok, walikimbilia Maela, karibu na Naivasha. Mwaka 1998, Tume ya Akiwumi iliundwa kuchunguza mapigano hayo, lakini wengi wa waliotajwa katika ripoti yake hawakuguswa. Funzo walilopata wachochezi ni kwamba kumwaga damu ya mpigakura hakuna adhabu.

Mshindi kutwaa vyote

Chanzo cha pili ni mfumo wa uongozi. Chini ya katiba ya zamani, Rais alikuwa na mamlaka makubwa mno: aliteua majaji, makamishna wa uchaguzi na wakuu wa mikoa, na angeweza kugawa ardhi ya umma. Kushindwa katika uchaguzi kulimaanisha jamii nzima kukosa barabara, kazi na hatimiliki kwa miaka mitano au zaidi.

Chanzo cha tatu ni kutoaminika kwa waamuzi. Kabla ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007, Rais Mwai Kibaki aliteua makamishna wa tume ya uchaguzi bila kushauriana na upinzani, kinyume na maelewano ya mwaka 1997.

Mwenyekiti wa tume, Samuel Kivuitu, alipomtangaza Kibaki mshindi jioni ya Desemba 30, Rais aliapishwa papo hapo katika Ikulu. Chama cha ODM chake Raila Odinga kilikataa matokeo, na kikakataa pia kwenda mahakamani kikisema hakina imani na majaji. Milango ya sheria ilipoonekana kufungwa, watu waliingia barabarani.

Moto wafika Naivasha

Ghasia zilianza kwa maandamano, uporaji na mashambulizi dhidi ya Wakikuyu katika sehemu za Bonde la Ufa. Januari 1, 2008, watu waliokuwa wamejificha katika kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, waliteketezwa. Polisi nao walikuwa wakiwapiga risasi waandamanaji Kisumu na Nairobi.

Waliofurushwa waliteremka hadi Nakuru na Naivasha wakiwa na majeraha na masimulizi ya kutisha. Simulizi hizo ziligeuzwa kuwa wito wa kulipiza kisasi. Mapigano yalilipuka Nakuru Januari 24, na Jumapili ya Januari 27 yakafika Naivasha.

Walioandamwa sasa walikuwa Waluo, Waluhya na Wakalenjin. Katika mtaa wa Kabati, watu 19 waliteketezwa ndani ya nyumba moja. Watu wapatao 40 waliuawa Naivasha, na helikopta za kijeshi zilitumiwa kutawanya umati. Maelfu, wakiwemo wapangaji wa Karagita, walikimbilia kituo cha polisi na gereza la mji huo.

Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilieleza kuwa mashambulizi ya Naivasha hayakuwa hasira za ghafla tu. Yalikuwa na dalili za kupangwa na kufadhiliwa, na genge haramu la Mungiki lilihusishwa.

Kwa nini haikuwa vita kamili

Vita vya wenyewe kwa wenyewe huhitaji pande mbili zenye silaha, viongozi wa kijeshi na maeneo zinayoyadhibiti. Kenya haikufika huko kwa sababu jeshi halikugawanyika, na wapatanishi walifika mapema. Kofi Annan, akisaidiwa na Graça Machel na Benjamin Mkapa, aliwafanya Kibaki na Odinga watie saini mkataba wa kugawana mamlaka Februari 28, 2008.

Hata hivyo, hasara ilikuwa kubwa. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu walihama makwao. Ukuaji wa uchumi ulishuka kutoka takriban asilimia 7 mwaka 2007 hadi chini ya asilimia 2 mwaka 2008. Uganda na Rwanda zilikosa mafuta baada ya usafirishaji kukatizwa.

Naivasha, ghasia zilizuka wakati maua ya Siku ya Wapendanao yakikaribia kuvunwa. Wataalamu wa uchumi waliochunguza sekta hiyo walibaini kuwa kilichoumiza mashamba zaidi si barabara kufungwa bali wafanyakazi kutoweka. Anayemfukuza jirani yake huua pia soko lake: ploti zikabaki bila wapangaji, na vioski bila wateja.

Makovu

Yapo yaliyorekebishwa. Katiba ya Agosti 27, 2010 ilipunguza mamlaka ya Rais na kuunda kaunti 47. Mwaka 2017, Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya uchaguzi wa urais, na mwaka 2022 mshindwa alipeleka malalamishi yake huko huko badala ya kuwaita wafuasi barabarani.

Lakini mambo mawili hayajatibiwa. La kwanza ni haki. Kesi katika mahakama ya ICC iliyohusu Nakuru na Naivasha ilimalizika Desemba 2014, upande wa mashtaka ulipoondoa mashtaka dhidi ya Uhuru Kenyatta ukisema ushahidi hautoshi. Ile ya William Ruto na Joshua Sang ilikatizwa Aprili 2016. Waliopoteza jamaa Kabati na Kiambaa walibaki bila kuambiwa na mahakama yoyote nani aliyetoa amri na nani aliyelipa.

La pili ni ardhi. Ripoti ya Ndung'u ya mwaka 2004 kuhusu unyakuzi, pamoja na ile ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013, zilieleza dhuluma hizo kinaganaga. Mapendekezo yake mengi hayajatekelezwa.

Ndiyo maana uchaguzi unapokaribia, habari za wapangaji wa Naivasha kusafirisha wake na watoto mashambani zimekuwa za kawaida. Mtu anayejiona salama hafungi virago kwa sababu ya kura.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kenya imepaka rangi sehemu kubwa ya ukuta huo. Ufa wenyewe, wa ardhi na wa haki, ungali wazi, na wakazi wa Karagita ndio wanaolala karibu nao.