Mchumba Anataka Kuruka, Harusi Je?

Sikukuu zilizopita tulikwenda kwa wakwe zangu Kisiwani, wilayani Same. Kama hujafika, ni pale chini ya milima ya Pare ya Kusini, mlima upande mmoja na Hifadhi ya Mkomazi upande wa pili. Tumekaa barazani, chai ya tangawizi ya Mamba Myamba inashuka taratibu, ndipo shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, akalipua bomu. Anaacha kazi ya benki akasomee urubani, kisha awe mwalimu wa marubani. Na pesa? Zile alizokuwa akiweka na mchumba wake kwa ajili ya harusi na kiwanja.

Mama mkwe aliuliza swali moja tu: "Hiyo ndege inaliwa?"

Tulicheka wote, isipokuwa mchumba. Jioni alinifuata jikoni. "Dada, wewe ni mtu wa magazeti. Niambie ukweli, ile kazi inalipa, au ni sare tu na mistari ya begani?"

Sikuwa na jibu. Niliporudi Dar nikaanza kuuliza huku na kule.

Kwanza nimtendee haki shemeji, maana ndoto yake haikutoka kwenye sinema. Tony Fitzjohn, yule Mwingereza aliyefika Mkomazi mwaka 1989 kuwalinda faru weusi na mbwa mwitu, alikuwa akirusha ndege ndogo kukagua pori. Alifariki mwaka 2022. Shemeji anasema utotoni alikuwa akisikia mngurumo anaacha kila kitu na kukimbia nje, hata kama ni ugali.

Sasa hesabu. Leseni ya rubani binafsi inadai angalau saa 40 za kuruka, lakini wanafunzi wengi hawaishii hapo, hufika 60 na zaidi. Leseni hiyo haikuruhusu kulipwa. Ili ulipwe unahitaji ya biashara, ambayo kiwango cha kimataifa ni saa 200, au 150 ukisoma mfululizo kwenye chuo kilichoidhinishwa. Ualimu unakuja juu ya hapo, na kozi yake na mitihani yake.

Saa moja ya Cessna 172 pamoja na mwalimu, kule Marekani si ajabu ipite dola 200. Tuchukue hiyo hiyo 200 ili hesabu iwe nyepesi. Saa 60 ni dola 12,000. Saa 200 ni dola 40,000, yaani karibu shilingi milioni 100 ukibadilisha kwa 2,500. Hapo hujalipa chumba, vitabu, daktari wala mitihani. Harusi ya ukumbini na kamati yake yote haifiki huko, jamani!

Usidhani dola 200 zote zinaingia mfukoni mwa mwalimu. Ndege hiyo inakunywa lita 30 na ushee za petroli ya ndege kila saa, inakaguliwa kila baada ya saa 100, na injini inatakiwa kufumuliwa yote ikifikisha saa 2,000 hivi. Kuna bima pia. Mwalimu anapata kinachobaki, na mara nyingi analipwa kwa saa alizoruka tu. Tuseme anapata dola 25 kwa saa. Mwezi mzuri akiruka saa 50, ni dola 1,250. Masika mawingu yakishuka akaruka saa 20, ni dola 500. Kodi ya nyumba haijui masika.

Kwa nini basi watu wanaifanya? Kwa sababu ya saa zenyewe. Kila saa mwanafunzi anayolipia, mwalimu naye anaiandika kwenye kitabu chake. Marekani, tangu mwaka 2013, rubani msaidizi wa shirika la ndege kwa kawaida anatakiwa awe na saa 1,500, na njia rahisi ya kuzifikia ni kufundisha. Kwa hiyo wengi hupita tu, na wanaobaki hadi mvi ni wachache wanaopenda ualimu kwelikweli.

Mahali pa kusoma hapakosekani. Chuo cha Soroti, Uganda, kilianzishwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1971, na Uwanja wa Wilson Nairobi una shule kadhaa. Hapa kwetu NIT nao wameingia kwenye mafunzo ya urubani.

Nilimpigia binti nikamsomea tarakimu zote. Alikaa kimya, kisha akauliza kitu ambacho mimi sikukifikiria: "Akilipa halafu macho yakamkatalia?"

Swali zito. Bila cheti cha afya cha daraja la kwanza hakuna leseni ya biashara, na kipimo hicho ni gharama ndogo sana ukilinganisha na saa 200. Wamekubaliana apimwe kwanza, akiwa bado kazini. Pesa ya kiwanja haiguswi. Ya harusi watagawana nusu kwa nusu, sherehe ifanyike Kisiwani nyumbani, wageni wachache, na nusu ya pili ianze na saa kumi za kwanza.

Mama mkwe ameshaanza kuuliza kama bwana harusi atakuja kwa basi.