Arusi za Wahindi wa Bara: Vyungu vya Bungoma na Nazi za Pwani

Mkaazi wa Mombasa au Lamu hahitaji kufundishwa arusi ya Kihindi ni kitu gani. Amekaa mtaa mmoja na Wahindi tangu enzi za majahazi ya Kachi, amesikia ngoma zao usiku, na anajua kwamba hina ya bibi arusi wao na hina ya bibi arusi wetu ni dada. Manjano wanayompaka mwari wao ni jirani ya singo na liwa yetu. Lakini arusi hiyo ikihamia Kitale au Bungoma, kule juu karibu na Mlima Elgon, mambo hubadilika. Mnazi hakuna, asumini ni ya kutafuta, na baridi ya usiku wa Kitale humlazimisha mtu kuvaa shali juu ya sari ya hariri.

Reli ndiyo iliyowafikisha Wahindi wengi huko. Njia ya kwanza ilifika Kisumu mwaka 1901. Tawi la Kitale likafika mwaka 1926, na njia kuu ya kwenda Uganda ikapitia Bungoma. Nyuma ya reli wakaja wenye maduka, maseremala na waashi, Wagujarati na Makalasinga wa Punjab. Trans Nzoia ilihesabiwa katika ardhi ya Wazungu, na Mhindi hakuruhusiwa kumiliki shamba huko. Basi alikaa mjini, dukani mwake, na mapambo ya arusi ya binti yake yakashonwa uani nyuma ya duka.

Baadaye wengi waliondoka. Sheria za mwaka 1967 za leseni za biashara na za uhamiaji ziliwabana wasiokuwa raia, na mamia kwa maelfu ya mizigo ikafungwa kabla Uingereza haijafunga mlango wake Machi 1968. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, treni zilizowapeleka Mombasa zilipita reli hiyo hiyo ya magharibi. Leo Waasia wa Kenya ni kabila la 44 kwa tangazo la serikali la mwaka 2017, lakini katika miji midogo kama hii wamebaki wachache.

Na hapo ndipo penye shida. Pambo la arusi ya Kihindi ni kazi ya mikono mingi: mashangazi, wake wa majirani, wasichana wa ukoo wanaotunga maua usiku kucha huku wakiimba. Mikono hiyo sasa iko Leicester na Toronto. Mwenye arusi hupiga simu Nairobi, lori likaja na nguzo za chuma, maua ya plastiki na vitambaa vya nailoni, na baada ya siku mbili vyote vikarudi vilikotoka. Ukitazama picha huwezi kujua kama arusi ilikuwa Kitale au Parklands. Kwa maoni yangu hii ni hasara kubwa, kwa sababu nchi ile ina karibu kila kitu kinachotakiwa.

Tuanze na mandapu, lile banda la nguzo nne ambamo bwana na bibi arusi wa Kibaniani huketi mbele ya moto. Asili yake si chuma wala thermokoli. Kijijini Gujarat lilijengwa kwa mianzi na matawi mabichi, na migomba ikasimamishwa mlangoni kuwa ishara ya uzazi. Mwanzi unaota Elgon, na migomba ya Bungoma haihesabiki. Majani ya mwembe, ambayo hutungwa kuwa torani ya kuning'inizwa juu ya mlango, ni taabu kuyapata Kitale kwenye kimo cha kadiri ya mita 1,900, lakini Bungoma iko chini, mita 1,400 hivi, na miembe ipo. Mji mmoja humkamilisha mwenzake.

Uzuri zaidi uko katika vyungu. Wagujarati wana desturi ya kupanga vyungu katika pembe nne za mandapu, kikubwa chini na kidogo juu, vimepakwa rangi nyekundu na nyeupe. Mpango huo huitwa chori. Sasa, nani asiyejua kwamba akina mama wa Kiluhya ni mafinyanzi hodari? Chungu chao kina kitako cha mviringo, hakisimami peke yake, na mpambaji asiyejua atavipanga vimwangukie. Dawa yake ni ngata, ile ile ambayo mama zetu waliitumia kichwani kubebea mtungi. Ajabu ni kwamba wanawake wa Kachi nao wana ngata yao, indhoni, nao huipamba kwa shanga na vioo vidogo. Mfinyanzi wa Bungoma akasuka ngata ya majani makavu ya mgomba, msichana wa Kihindi akaishonea shanga, na chungu kikakaa juu yake: hapo una kitu cha zamani na cha kisasa kwa pamoja, na hakuna aliyeiga mwenzake. Ungo wa kupepetea nao unafaa kwa sinia za maua na peremende, na mkeka wa mafunjo ni ukuta mzuri kuliko nailoni.

Nazi ya kuweka juu ya chungu kidogo cha shaba au cha udongo, kalashi, lazima itoke kwetu. Hiyo haina badala.

Lakini kuchanganya si kutupia chochote. Kitale iko jirani na Pokot, na shanga za Wapokot zinapendeza sana. Ngozi zao pia ni nzuri, ila ngozi ya ng'ombe ndani ya mandapu ya Mbaniani ni tusi. Kadhalika nyeupe tupu, ambayo vijana wameiona katika magazeti ya Ulaya na kuitaka, kwa bibi wa Kihindi ni rangi ya matanga. Sisi tunayevaa kanzu nyeupe siku ya furaha tunaweza kusahau hilo. Ichanganywe na nyekundu, kama ilivyo sari ya paneta ya bibi arusi wa Kigujarati, na nyumba itatulia.

Tena kuna moto. Moto wa mandapu ni moto kweli, wenye samli na kuni, si picha. Nailoni huyeyuka na kudondoka ikiwaka, na thermokoli hushika mara moja. Pamba nzito na mwanzi mbichi ni salama zaidi, na dari iachwe wazi katikati moshi upate njia.

Mpambaji aulize pia ni arusi ya nani. Kalasinga hana mandapu wala moto: maarusi wake huzunguka mara nne kitabu chao kitakatifu, vichwa vimefunikwa, na pambo kubwa ni chandarua juu ya kitabu hicho. Hakuna kitu kinachopaswa kukishinda kwa fahari. Na Wahindi Waislamu ndoa yao ni ya kadhi na mashahidi kama yetu. Kinachopambwa ni ukumbi wa wanawake na kiti cha bibi arusi, na humo ndimo matarizi ya Punjab, yale ya phulkari, yanapopata nafasi.

Wako watakaonung'unika juu ya rangoli, yale maua yanayochorwa sakafuni kwa unga wa mchele. Huko kwenye mahindi unga wa sima nao ungetosha, lakini Mwislamu ataona ni israfu. Wahindi hujibu kwamba unga ule ni sadaka ya sisimizi na ndege. Anayeona uzito atumie petali za maua.

Kwa anayekusudia kufanya hivyo, jambo la kwanza ni kalenda. Wabaniani wengi hawaozeshi katika ile miezi minne inayoishia mwezi wa Novemba hivi, baada ya Diwali; arusi hujaa mvua zinapokwisha na mahindi yakiwa yamevunwa. Lakini chungu hakikauki vizuri wakati wa mvua, na chungu chenye unyevu hupasuka tanuni. Asiagize wiki mbili kabla. Aende kwa wafinyanzi mapema, aseme ukubwa wa kila kimoja, alipe arubuni, na azidishe vichache, kwa sababu viwili vitatu vitavunjika njiani Kitale.