Soko likifungwa, siku za sheria haziachi kuhesabiwa

Jumatatu ya 15 Mei 2023, maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, hayakufunguliwa. Wanunuzi waliotoka mikoani na nchi jirani kufuata mzigo walizunguka mitaa ya Kongo, Msimbazi na Aggrey wakitazama makufuli. Wafanyabiashara walikuwa wamechoshwa na kikosi kazi cha kodi, usajili wa stoo na ukaguzi wa risiti za mashine za kodi (EFD) njiani. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikutana nao Mnazi Mmoja, na kilio chao kikasikika nchi nzima. Juni 2024 makufuli yalirudi tena milangoni.

Katika siku zile za Mei, vijiweni na redioni mazungumzo yalikuwa ni nani kamshinda nani. Mimi, niliyezoea kuwahudumia wafanyabiashara kama wakili, nilikuwa nawaza karatasi zilizofungiwa ndani ya droo za maduka yale: notisi za makadirio ya kodi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inampa mlipakodi siku 30 tangu apokee notisi ili awasilishe pingamizi kwa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato (TRA). Mgomo hausimamishi siku hizo, na hotuba ya kiongozi haiziongezi.

Soko lilipofunguliwa, mama mmoja muuza vitenge alifika ofisini kwangu. Alikuwa mteja wangu tangu aliposajili jina la biashara. Akatoa bahasha kwenye mkoba, akaiweka mezani. "Mwanangu, nilitulia kwa sababu viongozi wamesema mambo yetu yataangaliwa," akaniambia. Nikasoma tarehe ya kupokelewa, nikahesabu. Siku mbili tu ndizo zilizokuwa zimebaki.

Usiku ule tuliandika pingamizi. Hapo ndipo alipojua jambo jingine: ili pingamizi lipokelewe, mlipakodi hulipa kwanza kiasi asichobishania, au theluthi moja ya makadirio yote, chochote kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Kamishna Mkuu anaweza kupunguza au kusamehe malipo hayo kwa sababu za msingi, lakini ombi la namna hiyo linahitaji hoja na vielelezo, na vielelezo vinahitaji muda. Angefika siku ya tatu, tungekusanya risiti za manunuzi, taarifa za benki na hati za forodha kwa utulivu. Alifika siku ya 28, akakopa kwa jamaa usiku kucha.

Pingamizi lilipokelewa, lakini nilirudi nyumbani na uchungu. Nilijua kwamba duka lake lilikuwa limekaguliwa, na sikumpigia simu hata mara moja. Nilisubiri aje. Tangu siku hiyo naamini kwamba huduma ya wakili wa biashara inaanza kabla mteja hajabisha hodi. Siasa zikipamba moto, mteja husikia mengi kwa wakati mmoja. Anamhitaji mtu wa kumwambia mapema, kwa lugha anayoielewa, ni tarehe ipi inayomhusu yeye.

Mwaka wa matangazo mazito

Mwaka 2025 ulitupima sote. Machi 28 zilitoka kanuni za matumizi ya fedha za kigeni, zinazokataza kutangaza bei au kulipia bidhaa na huduma ndani ya nchi kwa dola au fedha nyingine ya nje. Mitandaoni mjadala ulikuwa kama shilingi itapanda au itashuka. Mteja aliyepanga ofisi Posta kwa mkataba wa dola alikuwa na maswali ya karibu zaidi. Mkataba wangu umekufa? Nimpe mwenye nyumba nini mwezi ujao? Jibu lilikuwemo ndani ya kanuni zenyewe: mikataba ya zamani ilipewa kipindi cha mpito kisichozidi mwaka mmoja. Kazi ya wakili ilikuwa kuwaita mpangaji na mwenye nyumba meza moja mapema, wakubaliane kiwango cha kubadilishia na kodi mpya ya pango kwa shilingi kabla ya kufikishana pabaya.

Julai likaja zito zaidi. Amri iliyotolewa na Waziri wa Viwanda na Biashara wa wakati huo, Selemani Jafo, iliwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Humo mlikuwa na uwakala wa kutuma fedha kwa simu, ufundi wa simu na vifaa vya kielektroniki, saluni zisizo ndani ya hoteli, uongozaji watalii, udalali, ununuzi wa mazao shambani na uchimbaji mdogo wa madini. Asiye raia anayekiuka anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi 6. Raia anayemsaidia naye hajaachwa: faini ya shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miezi 3.

Kariakoo wengi walishangilia. Nairobi walilalamika, na hoja yao ina uzito wa kisheria, kwa kuwa Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inatambua haki ya raia wa nchi wanachama kuanzisha biashara katika nchi nyingine za jumuiya. Ni mjadala halali, na mawakili tunapaswa kuushiriki. Lakini fundi simu kutoka Kenya aliyeketi mbele yako na leseni mkononi anahitaji kwanza kujua kwamba amri ilimwachia mwenye leseni hai aendelee hadi itakapoisha muda wake. Leseni hiyo inaisha lini? Akishajua tarehe, anaweza kupanga kuuza mzigo, kulipa wafanyakazi na kudai amana ya fremu. Asipoijua, ataamka siku moja akiwa mkosaji.

Jirani naye alipimwa

Kenya nako mawakili wa kodi hawatausahau mwaka 2024. Baada ya maandamano ya vijana ya 25 Juni, Rais William Ruto aliukataa Muswada wa Fedha wa mwaka huo. Wafanyabiashara wakarudi kwenye Sheria ya Fedha ya 2023. Julai 31, Mahakama ya Rufani ikaitangaza sheria hiyo yote kuwa kinyume cha Katiba. Agosti 20, Mahakama ya Juu ikasimamisha hukumu hiyo, na Oktoba 29 ikaitengua.

Mfikirie mhasibu wa kampuni ndogo ya Mombasa katika siku zile 20 za mwanzo wa Agosti. Atoze VAT ya mafuta kwa asilimia 16 za sheria iliyobatilishwa, au asilimia 8 za zamani? Wakili mwema hapo hakubahatisha mahakama itasema nini. Alimshauri mteja atenge fedha ya tofauti, aandike sababu za kila uamuzi na atunze karatasi zote, ili hukumu ikienda upande wowote isimkute mtupu.

Intaneti ilipozimika

Kisha ukaja uchaguzi wetu wa 29 Oktoba 2025. Ghasia zikatokea, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na intaneti ikazimwa nchini kwa siku kadhaa. Wapo waliopoteza wapendwa wao, na hakuna hasara ya biashara inayolingana na hiyo. Lakini maisha yaliporejea, madeni yaliwasubiri watu: mzigo haukufika, malipo ya mtandao hayakwenda, nyaraka hazikuwasilishwa.

Mikataba mingi ina kifungu cha dharura zilizo nje ya uwezo wa pande zote. Wafanyabiashara wengi hudhani kifungu hicho hujitetea chenyewe. Aghalabu kinamtaka aliyekwama ampe mwenzake taarifa ya maandishi ndani ya siku zilizotajwa, na aonyeshe kwamba ni tukio hilo hasa lililomkwamisha. Kazi kuwa ngumu au ghali kuliko ilivyotarajiwa peke yake haitoshi. Wakili aliyewapigia wateja wake mara tu mawasiliano yaliporudi, akawaambia "andika barua leo", aliwaokolea zaidi ya wakili aliyewafariji kwa mwezi mzima.

Lugha ya mteja

Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho, kupitia Sheria Na. 1 ya mwaka huo, yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Lilikuwa jambo la heshima kwa raia. Hata hivyo mikataba mingi ya benki, pango na usambazaji bado inaandikwa kwa Kiingereza, na mteja anaonyeshwa tu mahali pa kutia saini. Siamini kwamba wakili amehudumia mtu kwa kugonga muhuri kwenye karatasi ambayo mtu huyo hawezi kuieleza kwa maneno yake akifika nyumbani. Kumsomea mteja ibara kwa ibara kunachosha, na ndiyo sehemu kubwa ya kazi tunayolipwa.

Kuna pia kishawishi cha kuuza kujuana. Hali ya kisiasa ikiwa tete, mteja huuliza kama unamfahamu mtu wizarani. Wakili akikubali kuwa dalali wa milango ya wakubwa, siku mkubwa huyo atakapohamishwa mteja atabaki hana utetezi wowote kwenye jalada.

Agosti 2025, wiki chache baada ya amri ile ya wasio raia, simu yangu iliita saa moja asubuhi. Alikuwa yule mama wa vitenge. Mtu alikuwa amemfuata dukani akitaka kuazima jina lake: leseni iwe ya mama, biashara iwe ya mgeni, na kila mwezi mama apate chake. Kiasi alichoahidiwa kilikuwa kinono. Nilimweleza adhabu iliyopo kwa raia anayesaidia. Nikamweleza pia kwamba leseni, TIN na makadirio yote yangebaki kwa jina lake, na mgeni akiondoka deni lisingeondoka naye.

Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza alitakiwa kutoa jibu ndani ya siku ngapi. Nikamwambia hili halina siku, mama, mjibu leo. "Basi namjibu sasa hivi, yuko hapa nje," akasema, na kabla sijamuaga nikasikia sauti yake ikimwita mtu huyo aingie ndani.