Urembo wa matatu huchakaa kabla ya mkopo

Saa kumi na moja jioni, katika kituo cha matatu zinazoelekea Ongata Rongai jijini Nairobi, gari mbili zimesimama zikiita abiria. Ya kwanza ni nyeupe, ina ukanda wa manjano ubavuni na viti vya kawaida. Ya pili imechorwa kuanzia bampa hadi paani. Uso wa mwanasoka umejaa ubavu mzima, taa za buluu zinawaka chini ya ngazi, na ukigusa kioo unausikia muziki vidoleni. Nauli ni ile ile. Vijana waliotoka vyuoni na kazini wanaipita ya kwanza kana kwamba haipo. Ya pili inajaa na kuondoka, huku makanga wa ile nyeupe bado anaita.

Hapo ndipo ilipo biashara ya nganya, kama vijana wanavyoziita matatu zilizorembwa. Mwenye gari anapolipia rangi, anachonunua ni muda. Tuchukulie gari la abiria 33 linalotoza Sh100 kwa kila mtu. Safari moja ikijaa ni Sh3,300. Likijaa upesi kiasi cha kupata safari moja zaidi kila siku, kwa siku 26 za kazi mwezini hiyo ni Sh85,800, kabla ya kutoa mafuta na ujira wa dereva na makanga. Kwa mtu aliyekopa mamilioni, pesa hizo huweza kuamua kama benki italipwa au gari litapigwa mnada.

Kutoka mapeni matatu

Jina matatu lilitokana na nauli ya zamani ya senti 30, yaani mapeni matatu ya senti kumi kumi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu kubeba abiria bila leseni maalumu, na mwaka 1984 zikawekwa chini ya sheria ya trafiki. Michoro na muziki vilikolea miaka ya tisini. Kisha, Februari 2004, zikaanza kutekelezwa kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki: vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda ya usalama, sare kwa wahudumu na ukanda wa manjano kuzunguka gari. Michoro ikafutwa. Takriban mwongo mmoja baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaitetea sanaa hiyo kuwa ajira ya vijana, nayo ikarudi kwa kishindo. Novemba 2018 msako wa kutekeleza kanuni za Michuki ukaanza upya, na matatu nyingi zikatoweka barabarani kwa siku kadhaa.

Katikati ya mavutano hayo, gari lenyewe lilibadilika. Kuanzia 2011 serikali ilipoanza kubana usajili wa matatu mpya za abiria 14, wawekezaji wengi walihamia mabasi madogo ya abiria 33, hasa yanayojengwa juu ya chasi ya Isuzu NQR inayounganishwa papa hapa Nairobi. Nissan na Toyota Hiace za zamani zilitoka Japani zikiwa na bodi yake, na mchoraji alipata ngozi tu ya kuchora. Basi la NQR hujengewa bodi hapa nchini, kwa hiyo umbo lote, kuanzia kipaji hadi mkia, liliangukia mikononi mwa fundi wa Kenya. Hatua hiyo iliyokusudiwa kupunguza msongamano ikawapa wajenzi wa bodi kazi ambayo awali ilifanywa ng'ambo.

Nukta ndani ya jicho

Ingia gereji moja ya bodi katika Eneo la Viwandani na utaona jinsi shilingi ya mwenye gari inavyogawanyika. Wachomeleaji wanaunga vyuma vya mraba kuwa mbavu, kisha wanazifunika kwa mabati. Bampa na uso wa mbele vinafinyangwa kwa faiba. Mtu wa puti anaziba mabonde, kijana anapiga msasa hadi kiganja kikipita hakisikii mkwaruzo, ndipo praima ipulizwe. Fundi wa umeme analaza nyaya za taa na skrini, fundi wa sauti anapima mahali pa spika, mshonaji anavisha viti kwa uzi wa rangi inayofanana na michoro ya nje.

Mchoraji huja karibu na mwisho. Anapanda juu ya pipa, anachora uso kwa chaki, kisha anashika bunduki ndogo ya kupulizia rangi na kuanza na vivuli: chini ya kidevu, pembeni mwa pua, ndani ya mikunjo ya jezi. Kwa muda mrefu uso unaonekana kama wa mtu aliyelala. Nukta moja nyeupe ikitua ndani ya jicho, mtu yule anaamka na kukutazama. Vanishi ikishapulizwa juu yake, kosa lolote litakaloonekana litarudisha kazi kwenye msasa.

Mikono hiyo sasa ina mshindani. Stika kubwa zilizochapwa kwa kompyuta zinabandikwa haraka, na mwenye gari anaweza kuzibandua akichoka nazo. Wachoraji wenye akili wamejifunza kuchanganya: maandishi na ruwaza kwa stika, nyuso kwa mkono.

Deni halijali mtindo

Tatizo kubwa la biashara hii ni kwamba mtindo hukimbia kuliko marejesho ya mkopo. Mwaka 2013 kampuni ya simu ya Safaricom ilipoanza kuweka intaneti ndani ya matatu, gari lililokuwa nayo lilijitangaza kwa fahari. Leo abiria ana bando lake mwenyewe. Hali ni hiyo kwa skrini, kwa taa na kwa uso wa msanii aliyevuma mwaka juzi. Nganya mpya inapoingia barabarani, ya jana inapoteza saa zake nzuri za jioni. Mwenyewe hana budi kuirudisha gereji kwa rangi nyingine au kuiteremsha kwenye njia isiyo na ushindani. Hesabu ya mkopo ikifanywa kwa mapato ya miezi ya kwanza, gari likiwa bado gumzo la mji, imeshakosewa.

Hatari ya pili ni usalama, na hapa sina huruma na mtu. Kenya ina kiwango cha ujenzi wa bodi za magari ya abiria, KS 372, kinachosimamiwa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), na ina mamlaka ya usafiri na usalama, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya 2012, ya kukagua magari. Mbavu za bodi ndizo zinazomlinda abiria gari likipinduka. Mchoro ukifunika dirisha la dharura, au taa zikimpofusha dereva anayekuja mbele, hiyo si sanaa tena. Fundi anayekubali kazi ya namna hiyo anaichafua gereji yake na za wenzake.

Hatari ya tatu huwaangukia wachoraji. Muziki unaopigwa ndani ya matatu una utaratibu wa leseni na mirabaha, hata kama wanamuziki wanaulalamikia. Mchoro ulio ubavuni mwa gari hilo hilo, ambao Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inautambua kama kazi ya sanaa, mara nyingi hufanywa kwa makubaliano ya mdomo. Mwenye gari akikawia kulipa, mchoraji hana karatasi ya kuonyesha.

Kuhusu rangi za magari, majirani walichagua njia nyingine. Kampala inazijua teksi zake kwa miraba ya buluu na nyeupe, na Dar es Salaam daladala hutambulika kwa ukanda wa rangi wa njia yake. Lakini funzo kubwa liko Ufilipino. Jeepney zilizaliwa kutokana na jipu za jeshi la Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, zikarembwa hadi zikawa nembo ya taifa. Mpango wa serikali wa kuzibadilisha, ulioanza 2017, umewaweka wenye magari na mafundi katika mashaka makubwa, kwa sababu magari mapya yanayotakiwa ni ghali na umbo lake limetoka kwingine. Nairobi nayo inapokea mabasi ya umeme. Tukikaa kimya, yatakuja na bodi yake kama Nissan za zamani, na gereji zitarudi kupiga puti.

Kwa hiyo serikali na iandike kanuni moja inayotenganisha mambo mawili: muundo wa gari usiwe na mjadala, rangi iachwe huru, na kanuni hiyo isibadilike kila waziri anapobadilika. Mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, ambayo tayari hutahini mafundi kwa madaraja, na iwape wachoraji na wajenzi wa bodi vyeti vya ujuzi walio nao. Vyama vya akiba na mikopo vya matatu na vidai mkataba wa maandishi kwa kila kazi ya gereji. Nawe unayepanga kukopa ujenge nganya, fanya hesabu yako kwa mapato ya mwaka wa tatu, rangi ikiwa imepauka na uso ule ubavuni haumsimamishi mtu tena. Gari likiweza kulipa deni katika hali hiyo, kopa.